Kigunduzi cha Nyutrino za Jua Kinapotoa Namba Zisizoeleweka: Dalili, Visababishi na Ukaguzi

Kila sekunde, nyutrino (chembe ndogo mno zisizo na chaji) zipatazo bilioni 65 kutoka kwenye jua hupita katika kila sentimita ya mraba ya mwili wako. Usiku hazikomi; hupenya dunia nzima na kukutokea kwa chini. Karibu zote hupita bila kugusa chochote. Borexino, kigunduzi kilichofanya kazi chini ya mlima wa Gran Sasso nchini Italia kuanzia 2007 hadi 2021, kilikuwa kikinasa matukio yapatayo 48 kwa siku katika kila tani 100 za kimiminika chake, na hayo ni ya nyutrino za kundi moja tu, zile zinazozaliwa berili-7 inapobadilika ndani ya jua. Sasa chukua ndizi mbivu. Kwa sababu ya potasiamu iliyomo, atomu zipatazo 15 hupasuka ndani yake kila sekunde.

Ukizilinganisha namba hizo mbili utaelewa kwa nini watu hushuka mgodini, huoga na kubadili nguo kabla ya kuingia maabara, na kwa nini karibu kila hitilafu inayoripotiwa inatoka kwenye kigunduzi chenyewe. Mwongozo huu nimeupanga kwa dalili, kama zinavyoonekana kwenye skrini ya mtu wa zamu. Namba ikikataa, mtuhumiwa wa kwanza ni kifaa, wa pili ni anayesoma kifaa, na jua ni la mwisho. Ila la mwisho nalo libaki kwenye orodha. Nitaeleza kwa nini nikifika kwenye dalili ya upungufu.

Kabla ya lolote, fungua daftari la zamu na ujibu maswali mawili: tatizo lilianza lini hasa, na nani aligusa nini katika siku tatu zilizotangulia? Nusu ya matatizo huishia hapo.

DALILI: Matukio yameruka ghafla, kutoka mamia hadi maelfu

Mara nyingi mkosaji ni mrija mmoja. Mirija ya kukuza mwanga ndiyo macho ya kigunduzi: chembe moja ya mwanga ikigonga uso wa mrija hung'oa elektroni moja, na ndani ya mrija elektroni hiyo huzaa nyingine hadi zifike kama milioni kumi. Kila mrija una kelele zake hata gizani, mipigo elfu moja hadi elfu chache kwa sekunde kutegemea aina na joto. Ndiyo maana mfumo hurekodi tukio pale tu mirija mingi inapoona mwanga kwa pamoja.

Anza na ramani. Chora ni mirija gani imeshiriki katika matukio 200 ya mwisho. Kama mrija mmoja unajirudia katika kila tukio, umeshaupata. Kuna mirija inayomulika yenyewe: cheche ndogo hutokea ndani yake, mwanga ukatoka na kuvuka tangi. Alama yake haifichiki: mrija mmoja wenye chaji kubwa kupita kiasi, kisha muda mfupi sana baadaye kundi la mirija ya upande wa pili linawaka. Wale wa SNO, kigunduzi cha maji mazito (maji yenye haidrojeni nzito) kilichokuwa katika mgodi wa Creighton huko Sudbury, Kanada, walijifunza kuyachuja matukio hayo kwa alama hiyo hiyo.

Kama mirija inayopiga kelele ni ile yote ya kadi moja ya kielektroniki, tatizo si mrija. Angalia pawasaplai ya kadi, konekta zake, na waya wa athi. Kisha linganisha saa za kelele na saa za pampu kuwaka, winchi kupanda, au fundi wa kuchomelea kufanya kazi kwenye handaki la jirani. Umeme wa mgodini ni mchafu, na athi iliyolegea huupokea wote.

Cha tatu ni mwanga unaovuja. Hili nakushauri ujifunze kwenye boksi dogo la benchi kabla ya kugusa kigunduzi kikubwa. Funika boksi kwa kitambaa cheusi tabaka mbili, zima taa ya chumba, subiri namba ya mipigo itulie. Chukua tochi ndogo, ipitishe polepole kwenye mshono wa boksi, kona hadi kona, huku mwenzako akikusomea namba kwa sauti. Mia tisa. Mia tisa na ishirini. Mia tisa. Elfu tatu. Hapo ndipo penye tundu, na mara nyingi ni pale kebo inapoingilia, ambapo mtu alidhani gundi imetosha. Kumbuka pia kwamba mrija uliokaa kwenye mwanga wa chumba, hata ukiwa umezimwa, utapiga kelele kwa saa nyingi baada ya kurudishwa gizani. Usiutangaze mbovu siku hiyo hiyo.

Simama hapa: mirija hii hutumia volti elfu moja hadi elfu mbili. Usifungue kifuniko volti ikiwa juu. Mwanga wa kawaida huuharibu mrija kwa muda mfupi sana, na umeme huo unaweza kukuua. Ukisikia harufu ya kuungua au ukiona mkondo unapanda na kushuka wenyewe, zima kwa swichi kuu, usichomoe kebo kwa mkono, na mwite fundi wa volti kubwa. Kapasita hubaki na chaji hata baada ya kuzima.

DALILI: Hesabu imepanda baada ya matengenezo, kisha inashuka yenyewe

Hii ni radoni karibu kila mara. Gesi hii huzaliwa na urani iliyomo kwenye mwamba, na hewa ya mgodini imejaa gesi hiyo. Kamioka, Japani, kilipo kigunduzi kikubwa cha maji cha Super-Kamiokande, hewa ya mgodi huwa na radoni nyingi zaidi wakati wa joto kuliko wakati wa baridi, ndiyo maana hewa ya kuhudumia kigunduzi huvutwa kwa bomba kutoka nje ya mlima.

Ukaguzi wa kwanza hauhitaji kifaa chochote. Chora hesabu ya kila siku. Ikipungua nusu kila baada ya siku 3.8, ni radoni. Baada ya siku kumi na tano inabaki sehemu moja ya kumi na sita. Ukaguzi wa pili hutumia watoto wake: bismuti-214 hupasuka, na poloni-214 inayozaliwa hupasuka mahali pale pale ikiwa na nusu-maisha (muda wa nusu ya atomu kupasuka) ya sehemu 164 tu za milioni za sekunde. Tafuta matukio yanayokuja mawili mawili hivyo na uyahesabu. Uzuri wa jozi hizi ni kwamba hukuonyesha hata upande wa tangi ambako hewa imeingilia.

Visababishi, kwa mpangilio wa nilivyoona vikitajwa: nitrojeni ya kufunika kimiminika imepungua shinikizo; oringi ya vali iliyofunguliwa haikurudi sawasawa au ilirudishwa ile ile ya zamani; mhimili wa pampu unavuta hewa; na mwisho, kifaa kipya kilichoingizwa kimetengenezwa kwa chuma au plastiki yenye urani. Kagua kwa mpangilio huo. Usianze kulaumu plastiki kabla hujatazama geji.

Radoni ni mgeni anayeondoka akiacha mzigo sebuleni. Ikishakwisha huacha risasi-210, yenye nusu-maisha ya miaka 22, nayo itakuzalia bismuti-210 na poloni-210 kwa muda wote wa maisha ya jaribio. Kwa hiyo hata kama namba imerudi chini, andika tukio hilo kwenye daftari kwa kirefu. Utalihitaji ukifika dalili inayofuata.

Simama hapa: ukishuku nitrojeni inavuja chumbani, toka. Haina harufu, haina rangi, na mtu huanguka bila kuhisi kwamba hewa imekwisha. Usiingie kumvuta mwenzako bila mtungi wa hewa. Wawili wataanguka badala ya mmoja. Piga king'ora, waite watu wa uokoaji wa mgodi.

DALILI: Kilima kwenye 0.4 MeV kinachosogea na kupanda bila mpangilio

Hii hutokea kwenye vigunduzi vya sintileta, yaani kimiminika kinachomulika kila chembe yenye chaji inapopita. Chembe ya alfa (kiini cha heli kinachorushwa atomu inapopasuka) ya poloni-210 ina nishati ya 5.3 MeV (MeV ni kipimo cha nishati ya chembe), lakini sintileta hutoa mwanga mdogo sana kwa alfa ukilinganisha na elektroni, kwa hiyo hujitokeza kwenye grafu kama tukio la 0.4 MeV hivi. Hapo ndipo zilipo nyutrino za berili-7, ambazo matukio yake huishia karibu na 0.66 MeV.

Hakikisha kwanza ni alfa kweli. Tazama umbo la mpigo: mwanga wa alfa una mkia mrefu kuliko wa elektroni, na mipigo ikipangwa kwa mkia wake hujigawa makundi mawili. Kisha tazama kasi ya kupungua. Poloni-210 hupungua nusu kila siku 138. Baada ya mwaka inabaki chini kidogo ya moja ya sita. Ikipungua hivyo na isirudi, huna tatizo, una subira tu ya kufanya.

Tatizo ni pale inapokataa kupungua, au inapungua upande mmoja wa kimiminika huku ikipanda upande mwingine. Wengi hukimbilia kusema kuna uchafu mpya umeingia. Tazama vipimajoto kwanza.

Borexino ndiyo iliyotufundisha hili kwa miaka kadhaa ya taabu. Kimiminika chake kilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni mwembamba, unene wa sehemu 125 za elfu za milimita. Poloni iliyokaa kwenye nailoni ilikuwa ikibanduka na kuingia ndani. Peke yake isingefika mbali, kwa kuwa huenda polepole kuliko inavyopasuka. Ila joto la ukumbi lilikuwa likibadilika kwa majira na kwa kazi za watu, na badiliko dogo la digrii lilitosha kukifanya kimiminika kizunguke taratibu, kama uji jikoni unavyozunguka kabla haujachemka. Mzunguko huo uliisomba poloni kutoka ukutani hadi katikati.

Dawa haikuwa ya kemia. Mwaka 2015 walilivika tangi lote, lenye kipenyo cha mita 18, blanketi la sufu ya madini unene wa sentimita 20, kisha wakaweka mfumo wa kushikilia joto la juu lisiyumbe. Juu pakiwa na joto na chini, kwenye mwamba, pakiwa na baridi, kimiminika hutulia katika matabaka na hakizunguki. Baada ya hapo poloni ya katikati ilitulia, wakaweza kukadiria bismuti-210 kwa kuipitia poloni yake, na mwaka 2020 wakatangaza kuziona nyutrino za mzunguko wa kaboni, nitrojeni na oksijeni (mojawapo ya njia ambazo jua huunguza haidrojeni yake), kama matukio 7 tu kwa siku katika tani 100. Matukio hayo yalikuwa yakifichwa na bismuti-210 kwa sababu umbo la nishati zake linafanana nayo mno. Blanketi likafungua njia ya jibu lililokuwa likisubiriwa tangu miaka ya 1930, enzi nadharia ya mzunguko huo ilipoandikwa. Kila nikilisoma hili husisimka.

Kwa hiyo ukaguzi wako: linganisha ramani ya poloni na vipimajoto vya miezi mitatu; uliza kama feni, taa au pampu mpya imewekwa karibu na tangi; kagua kama mlango mkubwa wa ukumbi unaachwa wazi. Usikimbilie kusafisha kimiminika. Kukisukuma kupitia mitambo ya kusafishia kutakichanganya chote, na utulivu ulioungoja mwaka mzima utapotea kwa siku moja.

DALILI: Uchafu usiopungua kabisa, kati ya 0.2 na 0.7 MeV

Mtuhumiwa ni kriptoni-85. Imejaa hewani tangu majaribio ya mabomu na viwanda vya kuchakata mafuta ya nyuklia, nusu-maisha yake ni miaka 10.7, na grafu yake huishia 0.687 MeV. Inafunika berili-7 kama nguo iliyokatwa kwa kipimo chake. Ikiwa radoni ilionekana siku ya kujaza na hesabu haikurudi ilikokuwa hata baada ya mwezi, basi hewa iliyoingia ilikuja na kriptoni.

Kuthibitisha ni kazi ya subira: mipasuko kama 4 kati ya 1,000 hutoa tukio dogo likifuatiwa na lingine baada ya kama sehemu milioni moja ya sekunde. Utakusanya chache kwa mwaka. Tiba ipo: kupitisha nitrojeni safi kwenye kimiminika ili iifukuze gesi. Borexino ilifanya hivyo pamoja na kukiosha kimiminika kwa maji mwaka 2010 na 2011, na kriptoni ikawa karibu haionekani tena.

Ukiona mlima mkubwa chini ya 0.2 MeV, usihangaike. Hiyo ni kaboni-14 iliyomo ndani ya mafuta yenyewe. Wajenzi wa vigunduzi huchagua mafuta ya petroli ya kale ili iwe ndogo, lakini haiishi.

Simama hapa: sintileta kama pseudokumini huwaka moto na mvuke wake una madhara. Ukiona tone sakafuni, hata dogo, usilifute kwa kitambaa na kuendelea. Chini ya Gran Sasso kuna chemchemi za maji wanayokunywa watu.

DALILI: Matukio kati ya 1 na 2 MeV yanaongezeka kila muoni inapopita

Hii si hitilafu, ila huripotiwa kama hitilafu. Muoni ni chembe inayofanana na elektroni ila nzito zaidi, itokanayo na miale ya anga. Juu ya ardhi, moja hupita kila sentimita ya mraba kwa dakika. Chini ya Gran Sasso ni kama moja kwa mita ya mraba kwa saa. Hizo chache hugonga kaboni na kuacha kaboni-11, yenye nusu-maisha ya dakika 20. Tafuta utatu wake: muoni, nyutroni iliyonaswa muda mfupi baadaye, kisha tukio lenyewe kwenye njia ile ile. Kuufuta utatu huo hugharimu karibu theluthi ya data yako. Ukiona umefuta zaidi ya hapo, kagua kama mirija ya tangi la nje la maji, inayolinda dhidi ya muoni, inafanya kazi yote.

DALILI: Mshale hauelekei jua

Kwenye vigunduzi vya maji, elektroni iliyogongwa na nyutrino hutoa pete ya mwanga na huendelea karibu na mwelekeo ule ule wa nyutrino. Ukichora pembe kati ya kila tukio na jua, lazima pawe na kilele upande wa jua. Super-Kamiokande, yenye tani 50,000 za maji mita 1,000 chini ya mlima Ikeno, ilipata katika awamu yake ya kwanza kama matukio 15 ya jua kwa siku, na kilele hicho ndicho kilichoyatenga na uchafu. Kilele kikipotea, huna jaribio.

Kisababishi cha kwanza ni saa. Jua husogea digrii 15 kwa saa moja. Kompyuta ikiandika saa za Dar es Salaam au Nairobi mahali palipotakiwa saa za dunia (UTC), umekosea saa 3, digrii kama 45, na kilele kinatawanyika. Na kwetu sisi kuna mtego mwingine wa ziada. Mtu wa zamu aliyezoea kuhesabu kuanzia macheo akiandika kwenye fomu ya mkono 4:00 kwa maana ya saa nne asubuhi, amesogeza jua robo ya duara. Andika saa za dunia, kwa mfumo wa saa 24, na uandike pembeni kwamba ndizo. Mtu akikuambia jambo kwa mdomo, mrudishie swali: "Saa nne ya kwetu au ya kompyuta?"

Ukaguzi wake ni rahisi. Sogeza saa zote za data kwa saa 1, kisha 3, kisha 6, mbele na nyuma, na uchore upya kila mara. Kilele kikirudi, umemaliza kazi kabla chai haijapoa.

Kama hakirudi, angalia alama ya longitudo na latitudo: mashariki imeandikwa magharibi? Kisha mhimili wa kigunduzi, kaskazini ya dira si kaskazini ya ramani. Baada ya hapo ndipo uingie ndani zaidi: mirija imepotezana muda, au maji yamefifia. Maji mazuri hupitisha mwanga karibu mita 100. Bakteria wakianza kuota, au kichujio kikichoka, mwanga hutawanyika na pete hufutika. Mwisho kabisa rusha elektroni za nishati inayojulikana ndani ya tangi, kama Super-Kamiokande inavyofanya kwa mtambo wake mdogo wa kuharakisha elektroni, na uone zinaonekana zimetoka wapi.

DALILI: Hesabu inapanda na kushuka kwa mwaka

Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, na hesabu hupanda kwa asilimia 3.3 juu ya wastani, kisha hushuka kiasi hicho hicho Julai. Hiyo ndiyo alama ya kwamba unapima jua kweli. Ikiwa kilele chako kiko Julai, unapima muoni, ambazo Ulaya na Japani huongezeka kiangazi hewa ya juu inapotanuka. Na ikiwa usiku ni zaidi ya mchana kwa asilimia 3 hivi kwenye nyutrino za nishati kubwa, usiifute: Super-Kamiokande imeliona hilo, na chanzo chake ni dunia yenyewe ambayo nyutrino hizo huipitia.

DALILI: Mirija inakufa mmoja mmoja tangi likiwa na maji

Mrija mmoja ukifa ni kawaida. Miwili jirani kwa wiki moja, simamisha kila kitu, hasa kama tangi linajazwa.

Tarehe 12 Novemba 2001, Super-Kamiokande ilikuwa ikijazwa maji upya baada ya matengenezo. Mrija mmoja chini ya tangi ulipasuka. Mrija ni kioo cha nusu mita chenye ombwe ndani. Maji yalipoingia kwa kishindo yakatoa wimbi la shinikizo, likavunja jirani zake, nao wakavunja wengine. Ndani ya sekunde chache mirija zaidi ya 6,000 ilikuwa vigae. Iliyobaki ilipangwa upya, kila mmoja ukavishwa kifuniko cha akriliki na nyuzi za kioo ili ukipasuka usimwambukize mwenzake, na idadi kamili ikarudi mwaka 2006.

Simama hapa: usiongeze maji, usimtume mpiga mbizi, usiguse mrija wenye ufa. Hii ni kazi ya wahandisi wa tangi na waliotengeneza mirija.

DALILI: Namba ni safi, imetulia, na ni ndogo kuliko ilivyotabiriwa

Hii ndiyo dalili inayomnyima mtu usingizi. Anza na za kawaida. Muda mfu: mfumo ulikuwa umefungwa sekunde ngapi baada ya kila muoni, na je umezitoa kwenye hesabu? Ujazo: unajua kweli ni tani ngapi unazotazama? Mfuko wa nailoni hubadilika umbo. Wa Borexino ulivuja kidogo mwaka 2008 na umbo lake likabidi lifuatiliwe kwa miaka. Kizingiti, yaani nishati ya chini kabisa inayorekodiwa: asilimia moja ya kosa kwenye kipimo cha nishati huondoa matukio mengi zaidi ya asilimia moja. Kisha uhakiki: weka chanzo cha mionzi kinachojulikana, pima, linganisha.

Simama hapa: chanzo hicho hushikwa na mtu mwenye leseni tu, kwa kifaa chake, na huhesabiwa kinapoingia na kinapotoka.

Ukimaliza yote na namba bado ni ndogo, soma alichofanya mwanakemia Ray Davis. Katika mgodi wa dhahabu wa Homestake, South Dakota, karibu mita 1,500 chini, aliweka lita 380,000 za dawa ya kufulia nguo kavukavu, yenye klorini. Nyutrino ikigonga klorini-37 huigeuza agoni-37, na yeye alikuwa akizipepeta atomu hizo kwa heli kila baada ya wiki kadhaa. Zilizaliwa karibu nusu atomu kwa siku katika tani 615. Matokeo yake ya kwanza, 1968, na yote yaliyofuata hadi 1994, yalionyesha kama theluthi ya alichokokotoa mwanafizikia wa nadharia John Bahcall.

Watu walisema anapoteza atomu. Akaweka agoni ya kiasi kinachojulikana ndani ya tangi, akairudisha karibu yote. Wakasema labda atomu iliyozaliwa kwa mgongano hunaswa na molekuli. Akafanya jaribio la klorini yenye mionzi kuonyesha kwamba hainaswi. Alilizamisha tangi kwenye maji kuzuia nyutroni. Alibadili jinsi ya kusoma umbo la mpigo ili kelele isihesabiwe kama agoni. Theluthi ikabaki theluthi.

Kisha SNO, kwa tani 1,000 za maji mazito zilizoazimwa, ikapima kwa njia mbili ndani ya tangi moja. Mwaka 2002 njia inayoona nyutrino za aina ya elektroni pekee ilitoa milioni 1.76 kwa sentimita ya mraba kwa sekunde. Njia inayoona aina zote tatu ikatoa milioni 5.09. Bahcall alikuwa sahihi, na Davis alikuwa sahihi. Nyutrino zilibadilika aina kabla hazijafika, na tangi la Homestake lilikuwa na macho ya aina moja tu. Ndiyo maana nimesema jua, na njia yake hadi kwetu, lisifutwe kwenye orodha.

Ipo ripoti moja ambayo bado haijafungwa. Vigunduzi vya gali, GALLEX kule Gran Sasso na SAGE kule Baksan, Kaukazi, vilihakikiwa kwa vyanzo vikali, hasa kromi-51, ambavyo idadi ya nyutrino zake inajulikana. Vikahesabu pungufu. Baksan wakarudia mwaka 2019 kwa tangi lenye vyumba viwili, kimoja ndani ya kingine, chanzo kikiwa katikati. Vyumba vyote viwili vikatoa pungufu ya takriban moja ya tano. Utoaji wa gerimani, ambayo gali hugeuka ikigongwa na nyutrino, umekaguliwa, nguvu ya chanzo imepimwa kwa joto lake, vihesabio vimekaguliwa. Upungufu ungali pale pale.